Mama Mkwe kwenye Barabara ya Sake

Kabla sijawa mtu wa makamo nilikuwa nimekwisha kuchoka na uzuri. Sisemi kwa majivuno. Mrina asali huchoka na utamu, nami kazi yangu ilikuwa kuwapeleka watu kuona mambo mazuri, mvua na jua, katika miaka ile ya hamsini, nikiendesha gari la hoteli moja ya ufukweni hapa Gisenyi. Mwenye hoteli alikuwa mjane wa Kizungu tuliyemwita Madamu. Gari lake lilikuwa kubwa, la rangi ya maziwa, lenye viti vya ngozi nilivyovipangusa mwenyewe kwa kitambaa na mafuta. Siku hizi watu wakinikuta barazani nimelipa ziwa kisogo huniuliza kwa nini siangalii maji. Nawajibu kwamba nimekwisha kuyaangalia.

Wageni walifika kwa meli kutoka Bukavu au kwa barabara kutoka Kigali, wamejaa vumbi na hamu. Nilikuwa na njia zangu mbili. Ya kwanza ilishuka kusini kando ya ziwa mpaka Nyamyumba, kwenye chemchemi za maji ya moto, ambako wageni walitia yai majini kisha wakashangaa kuwa limeiva. Yai likitiwa kwenye maji ya moto huiva. Mama yangu alilijua hilo bila kusafiri. Njia ya pili ndiyo ndefu. Ilivuka kizuizi cha mpaka, ikapita Goma, ikafuata ukingo wa kaskazini wa ziwa mpaka Sake. Ni barabara ya mawe meusi, ya zamani sana, iliyokanyagwa na wapagazi, askari na wauza chumvi kabla gari la kwanza halijaonekana huku. Humo nilikuwa na vituo vitatu: ziwa dogo la kijani lililokaa ndani ya shimo la mlima, mabonde ya mazuku, na mwisho wa yote mawe ya moto, pale mlima ulipomwaga uji wake mpaka ziwani.

Kila kituo nilisimamisha gari, nikafungua mlango, nikasema maneno yangu ya Kifaransa, kisha nikarudi nyuma ya gari. Madamu alinifundisha kusimama hapo ili nisiingie kwenye picha. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilivitembeza vyote viwili, na jioni miguu iliniuma kana kwamba sikupanda gari.

Nyumbani mke wangu aliniuliza safari ilikuwaje. Nilimsimulia nikiwa nimelala chali mkekani, macho nimeyafumba, maneno machache tu ya kumridhisha. Sikujua kwamba masimulizi yale yalikuwa na msikilizaji wa pili. Kila asubuhi mke wangu aliyabeba pamoja na sahani ya chakula, akavuka kichochoro, akampelekea mama yake.

Hapa lazima niseme habari ya mama mkwe, maana vijana wa leo wanakula sahani moja na wakwe zao na hawaoni neno. Kwa watu wa mke wangu, watu wa upande ule wa Sake, mume wa binti na mama wa binti hawatazamani. Hawali pamoja, hawagusani, hawasemezani ana kwa ana. Likiwepo neno, hupitia kwa mke. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Hiyo si chuki, ni heshima, na heshima ile ilinichosha karibu sawa na barabara. Mama mkwe hakuwa na mtu mwingine duniani ila binti yake, kwa hiyo aliishi katika chumba cha jirani, ng'ambo ya kichochoro. Alipotaka kuja uani kwetu alikohoa langoni, nami popote nilipokuwa, hata kama tonge liko njiani kwenda mdomoni, nilitoka kwa mlango wa nyuma. Ndoa yangu ilikwenda hivyo tangu siku ya kwanza. Nilimjua mama mkwe kwa kikohozi chake, na kwa kitenge cha bluu kilichopita kwenye nyufa za ua.

Alifiwa na mume wakati mke wangu bado ananyonya. Mume huyo na watoto wawili waliotangulia walizikwa nyuma ya nyumba yao, chini ya migomba, karibu na Sake. Kisha mlima ukapasuka. Moto ule haukuja mbio. Watu wa huko husema ulikuja kama mgonjwa anayejikokota, ukawapa watu nafasi ya kuondoa mbuzi na vyungu. Lakini kaburi halibebwi kichwani. Uji wa mawe ulifunika nyumba, migomba na makaburi, ukaingia ziwani na kuyachemsha maji. Yeye akamfunga binti yake mgongoni, akaja Gisenyi kwa kaka yake aliyekuwa fundi cherehani, na kaka alipofariki akabaki hapa hapa. Hakurudi tena. Mtu akirudi kwao anarudi kwa watu, na kwake hapakuwa na mtu.

Wanasema macho hayana pazia. Ya mama mkwe yaliota pazia. Daktari wa hospitali alimtazama kwa taa yake, akasema linafunga kutoka kando kuja katikati, na dawa ya kulirudisha hana. Ikawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli: kilicho mbele ya tundu anakiona sawasawa, kilicho kando hakipo. Na tundu lilizidi kuwa dogo. Mke wangu aliniambia kwamba sasa mama yake huutafuta uso wake kama mtu anayetafuta sindano.

Basi siku moja wakati wa mvua, wageni wakiwa wachache, mke wangu alikuja kukaa karibu nami mkekani. Alikuwa na mimba kubwa, na akikaa alihema kwanza ndipo aseme.

"Mama ananituma," alisema kwa Kiswahili cha Sake alichorithi kwa mama yake. "Anasema, ile pahali unapelekaka bazungu, kwa mawe ya moto, umupeleke na yeye. Anataka kuona kwabo mbele ya macho ifunge."

"Kule hakuna kitu," nilisema. "Ni mawe tu."

"Nilimwambia vile."

"Na yeye alisema nini?"

"Anasema kaburi iko chini ya mawe, lakini mulima yenye iko juu yake haikuhama. Akiona mulima, atajua bantu yake beko wapi."

Nikisema ukweli, nilikasirika. Siku ya kupumzika nilipata moja kwa nadra, na kitu cha mwisho nilichotaka kukiona siku hiyo kilikuwa barabara ya Sake. Tena mama mkwe ndani ya gari! Angekaa wapi? Ningeangalia wapi? Nilimwambia mke wangu nitafikiri. Akanijibu kwamba macho ya mama yake hayana nafasi ya kungoja mawazo yangu, akageuka upande wa ukuta. Mke akikupa mgongo wenye mimba, ndugu yangu, hakuna usingizi tena.

Madamu hakuwa mtu mbaya. Nilipomweleza alikubali nichukue gari, mradi lirudi limeoshwa kabla ya meli ya jioni, kwa sababu kulikuwa na wageni wanaotarajiwa. Aliniuliza kama mama mzee angependa kusimama kwenye ziwa la kijani. Nilimjibu kwamba sijui.

Asubuhi ile ilianza kwa shauri la viti. Nilipanga mama mkwe akae nyuma peke yake, mke wangu akae mbele nami. Lakini gari lilipopinda tu kona ya soko tulisikia kishindo. Mama mkwe alikuwa ameteleza kwenye ngozi zile nilizozipaka mafuta, na kwa kuwa hakuona mlango uko wapi, hakujua ashike nini. Mke wangu akahamia nyuma kumshika. Nikabaki peke yangu mbele, kofia kichwani, kama siku nyingine zote za kazi. Kisha nikainua macho, nikakuta kioo cha kutazamia nyuma kimejaa uso wa mama mkwe. Sikuwahi kuuona. Nilikigeuza kioo kikatazama dari.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Niliendesha gari la Madamu, lenye thamani kunizidi, bila kuona kilicho nyuma yangu hata kidogo. Kuelekea mpakani lori la kahawa lilinipigia honi mpaka likachoka, na lilipopata nafasi ya kunipita dereva alitoa kichwa akauliza kama nimelala. Ningemwambia nini? Kwamba kuona lori ni kumwona mkwe?

Pale mpakani ndipo palikuwa na mtu aliyenielewa. Askari wa kizuizi alinizoea. Kila siku alinitania kuhusu wageni wangu. Alikuja anacheka.

"Leo unaleta bazungu gani?" aliuliza.

"Mama mukwe," nilisema.

Kicheko kilikatika. Aliutupa uso wake upande wa ziwa, akainua mti wa kizuizi akiwa bado anatazama huko, na hakutaka kuona karatasi hata moja. Alikuwa mtu wa upande ule ule wa Sake.

Nilikuwa nimekusudia kwenda moja kwa moja bila kusimama popote. Lakini tulipokaribia ziwa la kijani mikono yangu ilisimamisha gari yenyewe, kama punda anayejua duka la bwana wake. Na gari likisimama pale, mdomo nao hufunguka. Nikasema nikiwa nimekitazama kioo cha mbele, "Hapa juu kuna ziwa la kijani, liko ndani ya mlima."

"Anasema kuna ziwa ya kijani," mke wangu alimwambia mama yake.

"Mwambie mi nasikia," mama mkwe alisema. "Mi si kiziwi. Ni macho tu."

"Anasema anasikia."

"Na mimi nimesikia," nilisema.

"Muulize kama ile ziwa iko na samaki."

"Anauliza kama iko na samaki."

"Haina."

"Anasema haina."

"Bon, basi. Twende," mama mkwe alisema.

Nilipiga gari moto. Nilikuwa nimeleta pale watu wa kila namna, waliopiga picha na walioandika mashairi kwenye vitabu vyao vidogo, na hakuna aliyewahi kulipima ziwa lile kwa haki namna hiyo. Nilicheka kimoyomoyo, na uchovu ukapungua kidogo.

Mbele ya kijiji cha Mugunga mke wangu alisema anataka kutapika. Barabara ya mawe, joto la gari na mimba ile vilikuwa vimemshinda. Nilisimama haraka, na nilipoangalia nikaona nimesimama kwenye mazuku. Nikampigia kelele asishuke bondeni, abaki juu barabarani. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, ni nzito, hulala kwenye mabonde, na mbuzi akishuka kula majani hapandi tena. Wageni nilikuwa nikiwaonyesha mifupa. Walikuwa wakipenda sana mifupa ile.

Mke wangu aliinama kando ya gurudumu. Mimi na mama mkwe tukabaki garini, yeye nyuma, mimi mbele, hakuna mtu katikati yetu.

"Hapa ni mazuku," mama mkwe alisema baadaye, si kwangu, alisema tu. "Minaijua kwa majani. Mbuzi ya baba yangu ilifiaka hapa. Bazungu banatoka kwabo mbali vile, banakuja kuona shimo ya kuua mbuzi?"

Swali lilikaa ndani ya gari. Wa kulibeba alikuwa nje anatapika. Kulijibu ilikuwa utovu wa adabu, kutolijibu ilikuwa dharau. Nilikohoa. Naye akakohoa. Tukawa tumeelewana.

Tulipofika Sake mke wangu alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, uso umempauka, jasho limemtoka kwenye mdomo wa juu. Nilimpa maji, nikalowesha kitambaa nikamfuta. Alijaribu kuinuka akaanguka tena. Huko mbele, juu ya vilima, wingu la mvua lilikuwa limeanza kushuka, na wingu la huko likishuka halipandi tena mpaka kesho.

"Nenda naye," mke wangu aliniambia.

"Haiwezekani. Unajua haiwezekani."

"Nani mwingine iko?" Alifumba macho. "Wingu inashuka. Kesho hauna gari. Na mwezi ujao yeye hana macho. Nenda naye."

Mama mkwe alikuwa ameshajishusha mwenyewe kwa upande wa pili. Alisimama ameshika mlango, kitenge cha bluu kichwani, ameelekeza uso wake kwa unyenyekevu mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ubavu wa gari. Hasira niliyotoka nayo nyumbani ilikwisha hapo. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mimi pia, maana sikujua nianze wapi.

Kando ya barabara kulikuwa na mikaratusi iliyoziba vilima. Ili kuiona milima ilibidi kuingia ndani kwenye mawe yenyewe, na mawe yale si ya kuchezea. Ni makali kama chupa iliyovunjika, yamekunjana, yana mashimo ya kumeza mguu. Wageni sikuwaruhusu kwenda mbali. Nilivua koti nikasimama. Kisha mama mkwe mwenyewe alipata njia. Alivua kile kitenge kichwani, akakisokota, akashika ncha moja, na ncha nyingine akairusha hewani upande wangu. Nikaidaka. Tukaanza kwenda, mimi mbele, yeye nyuma, kitenge kimenyooka kati yetu. Kila penye shimo nilisema "shimo" nikitazama mbele, na kila penye jiwe la kupanda nilisema "juu," nikisubiri mpaka nisikie mguu wake umefika. Nilimsikia akihema. Alikuwa na miguu ya mtu aliyewahi kulima kwenye mteremko. Alijikwaa mara moja tu, na hapo nilijikuta nimemshika kiwiko, nikakiachia kama kaa la moto. Sote wawili tukajifanya hakikutokea kitu.

Tuliipita mikaratusi, nikasimama. Nyuma yetu lilikuwa ziwa, na pale uji wa mawe ulipoingia majini ukafanya ukingo mpya, ndipo nilipozoea kusimama na wageni. Wote walitazama maji. Mimi nami nilitazama maji, kwa kuwa ndiyo yaliyowaleta wao. Vilima vilivyo upande wa pili sikumbuki kama nilishawahi kuvitazama.

"Mukwe," mama mkwe alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita. Nilitazama huku na huku kama kuna mtu anatuona, halafu nikaona upuuzi wa kufanya hivyo katikati ya mawe.

"Ndiyo, mama."

"Kuko kilima moja sawa muke amebeba mutoto mugongoni. Kichwa moja kubwa, nyingine kidogo, nyuma yake. Unaiona?"

Nilitafuta. Vilima vilikuwa vingi, na wingu lilikuwa limekwisha kufika mabegani mwa vilivyo virefu. Kisha nikakiona. Kilikuwa wazi kabisa, mama na mtoto, na nilishangaa kwamba kitu kinachoonekana hivyo kilikuwa kimesimama nyuma ya kisogo changu miaka yote.

"Nakiona."

"Chini ya kichwa ya mutoto. Ukishuka moja kwa moja. Kwetu ni pale."

Alianza kukitafuta kwa tundu lake. Aligeuza uso kushoto, akapita kilima, akaenda mbali. Akarudi, akapita tena. Akainua uso, akakamata mawingu. Nilimwambia kulia, akazidisha. Nilimwambia kidogo tu, akapungukiwa. Ilikuwa kama kumwelekeza mtu uzi kwenye sindano ukiwa chumba kingine. Wingu lilikuwa limeshafika kwenye kichwa cha mama, na naona mama mkwe alihisi baridi yake ikishuka.

"Mi sioni," alisema. "Mukwe, mi sioni kitu. Nishike."

"Mama..."

"Nishike kichwa."

Niliachia kitenge. Nilisimama nyuma yake, nikauweka mkono mmoja kidevuni na mwingine kisogoni, kichwa cha mama wa mke wangu, kichwa kidogo chenye mvi, kinanuka sabuni na moshi. Nilimgeuza polepole mpaka pua yake ikawa imeelekea kilima. Kisha nikamshusha uso.

"Bado," alisema. "Kushoto kidogo. Chini. Chini tena." Halafu mwili wake wote ulitulia. "Hapo. Usitikise."

Sikutikisa. Juu ya kichwa chake niliona alichokuwa akiona: mawe meusi, yamelala mafungu mafungu kama shamba lililolimwa na mwendawazimu, na humo kijani kidogo cha majani ya porini. Hapakuwa na kingine. Wala hakulia. Alikuwa akitazama kama anavyotazama mtu anayehesabu mbuzi wake jioni, kwa makini, mmoja baada ya mwingine.

"Nyumba," alisema. "Mulango ilikuwa inaangalia huku kwa maji. Bwana yangu alikuwa anakaa pale inje, anasuka mitego ya samaki. Batoto beko upande huu. Yeye iko upande wa kilima."

"Ndiyo, mama."

"Bazungu unabaambiaka nini hapa?"

"Kwamba moto ulipita, mama. Ukaingia ziwani."

"Ni yote?"

"Ni hayo tu."

Alifikiri. Nilikihisi kidevu chake kikisogea kiganjani mwangu.

"Ubaambie kulikuwa ndizi," alisema. "Ndizi muzuri sana. Ile ya kupika."

Nikamwambia nitawaambia. Mabega yaliniuma, kiuno kiliniuma, mguu mmoja ulikuwa umekaa vibaya juu ya jiwe. Nilikuwa nimesimama mbele ya maajabu mengi katika kazi ile, na kila mara nilihesabu moyoni wageni watatosheka lini. Siku hiyo niliomba Mungu wingu lichelewe. Halikuchelewa. Lilifunika kichwa cha mama, kisha cha mtoto, kisha likashuka kwenye mteremko bila haraka, na nikaona mawe yale yakififia kuanzia juu.

"Basi," alisema. "Niachie."

Tulirudi. Safari hii hakushika kitenge, alishika mkono wangu. Alipokaa kwenye kiti chake aliyafumba macho yake, akaegemea. Mke wangu alijisikia nafuu kidogo, akakaa kando yake, akadhani mama yake amelala kwa uchovu. Mvua ilitunyeshea kutoka Sake mpaka Goma. Nilipita mazuku bila kusimama, nikapita ziwa la kijani, na pale mpakani yule askari aliinua mti akiwa bado ametazama maji. Nikisikia pumzi za mama mkwe nilijua kwamba hajalala.

Nilisimamisha gari mbele ya kichochoro chetu. Mvua ilikuwa imekwisha, na majirani walikuwa wametoka nje, wengine wanachota maji kwenye mapipa, wanawake wawili wanasuka ukili barazani. Mke wangu alishuka, akamfungulia mama yake mlango.

"Mama, fungua macho," alimwambia. "Tumefika nyumbani."

"Hapana," mama mkwe alijibu. "Ile nimeona inatosha. Sitaki kuweka kingine juu yake."

Mke wangu alinitazama, nikatazama chini. Akamwambia tena, kwa upole, kwamba kuna matope, ataanguka. Mama mkwe akashuka hivyo hivyo, kope zimefungwa, akapeleka mkono mbele. Binti yake akaushika. Mama mkwe akautoa mkono wake taratibu, akaunyoosha tena, akiupapasa upepo.

"Mukwe iko wapi?" aliuliza.

Wale wanawake waliacha kusuka. Nilivua kofia ya hoteli, nikaiweka kwenye kiti, nikazunguka gari nikamshika mkono mbele ya kichochoro kizima, na nikaanza kumwambia penye matope.